Macho Mekundu

Asubuhi moja nilimpa mjukuu wangu, mwanafunzi wa darasa la nne, shilingi elfu moja akaninunulie vitumbua. Muuzaji hayuko mbali. Ni bibi wa rika langu, anayekaa mwanzo wa kichochoro chetu hapa Chamazi nyuma ya jiko la kuni, tangu alfajiri hadi jua linapopanda. Mtoto alizipokea fedha, akafika mlangoni, akasimama. Nilipomuuliza ana nini, alinijibu kwa sauti ndogo kwamba haendi, kwa sababu yule bibi ana macho kama ya yule mzungu.

Mzungu yupi? Ilinichukua muda kumwelewa. Usiku uliotangulia kaka yake mkubwa, ambaye ni mpenzi wa filamu, alikuwa amemwonyesha katika simu filamu ya zamani ya Dracula. Humo yumo mtu mrefu aliyevaa joho jeusi, meno yake yamechongoka, damu inamchuruzika mdomoni, na macho yake ni mekundu kama makaa. Mtoto hakulala vizuri. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niketi na kuandika kurasa hizi: “Babu, yule mzungu alikuwa mtu mbaya kweli?”

Nilimjua yule mzungu. Nilimfahamu kabla baba yake mtoto huyu hajazaliwa.

Nilipokuwa kijana katika miaka ya 1960 nilikuwa nikija Dar es Salaam wakati wa likizo, nikikaa Temeke kwa mjomba wangu. Mjini wakati ule palikuwa na majumba ya sinema kama Empire, Avalon, Empress na Odeon, na kwa kijana wa shamba kuingia humo ilikuwa kama kuingia nchi nyingine. Siku moja mjomba alinipeleka kuangalia filamu ya Dracula iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1958. Sikujua Kiingereza cha kutosha, lakini hakikuhitajika sana. Yule mwenye joho mwenyewe alisema maneno machache tu mwanzoni, na baada ya hapo akatisha kwa kimya chake. Watu walipiga mayowe. Taa zilipowashwa tulitoka nje tukicheka, kila mmoja akimcheka mwenzake kwa uoga wake. Njiani mjomba alikuwa kimya. Tulipokaribia nyumbani akasema, “Yule ni mumiani. Mtu hawezi kuigiza vile.”

Kwa watu wa pwani neno hilo si la mchezo. Tangu enzi za ukoloni ilinong'onwa kwamba wako watu wanaowinda binadamu usiku ili kuwanyonya damu ikafanywe dawa. Mara waliotajwa walikuwa wazima moto, mara madaktari, mara wapima ardhi; aghalabu ni watu wenye sare, vyombo vigeni na kazi isiyoeleweka. Kwa hiyo watazamaji wa Dar es Salaam hawakuhitaji kufundishwa Dracula ni nani. Walikuwa na jina lake tayari. Nami niliamini maneno ya mjomba kwa miaka kadhaa, hadi nilipoingia chuo cha ualimu, ambako mkufunzi wetu wa sanaa za maonyesho alitueleza kwamba mwigizaji ni mtu anayeazima sura, na kilichoazimwa hurudishwa.

Mtu aliyeazima sura ile aliitwa Christopher Lee. Alizaliwa London mwaka 1922, akafariki Juni 2015 akiwa na umri wa miaka 93. Katika maisha hayo marefu aliigiza katika filamu zaidi ya 200. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la anga la Uingereza, akapelekwa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kujifunza urubani. Macho yake ndiyo yaliyomwangusha. Ilionekana mshipa wa jicho lake una hitilafu, akaambiwa hataruka tena. Jambo hili hunifikirisha: mtu ambaye macho yake yalimkosesha kazi moja, ndiye ambaye macho yalikuja kumpa jina katika kazi nyingine.

Baada ya vita aliingia katika uigizaji. Aliambiwa ni mrefu mno, maana waigizaji wakuu hawakupenda kusimama karibu na mtu wa futi sita na inchi tano. Kwa karibu miaka 10 alipewa nafasi ndogo ndogo za kupita tu. Mwaka 1957 urefu uleule uliokuwa kikwazo ulimpatia nafasi ya kuwa zimwi katika filamu iliyotokana na kisa cha Frankenstein, bila kusema neno hata moja. Mwaka uliofuata akawa Dracula. Macho mekundu yaliyomtisha mjukuu wangu yalitokana na lenzi alizovalishwa juu ya mboni. Zilimuumiza, na alipozivaa alikuwa haoni vizuri. Yaani wakati sisi tulipokuwa tukitetemeka kwa ajili yake, mwenyewe alikuwa akipapasa njia asijikwae.

Aliigiza Dracula kwa kampuni ileile ya Hammer mara 7, ya mwisho ikiwa mwaka 1973. Hakuipenda kazi hiyo kwa kadiri ilivyoendelea. Aliona hadithi zinazidi kuwa dhaifu, na mara kadhaa alitaka kukataa. Baadaye alieleza kwamba watengenezaji walikuwa wakimhesabia ni watu wangapi watakaokosa kazi endapo yeye hatakubali: mafundi wa taa, washonaji, mafundi seremala, wapishi. Akakubali. Hebu tuitazame hali hiyo kwa utulivu. Kwenye turubai mtu yule ananyonya damu za watu. Nyuma ya turubai anameza asichokipenda ili watu wapate mkate. Nani atasema ni mtu mbaya?

Lakini swali la mtoto halijaisha. Tunaweza kukubali kwamba mwigizaji si mbaya, na bado tukauliza kama sura aliyoiazima haimgandi. Wako iliowaganda. Kabla ya Lee alikuwapo Bela Lugosi, mzaliwa wa Hungaria, aliyeigiza Dracula huko Marekani mwaka 1931. Baada ya hapo milango mingine mingi ilifungwa mbele yake. Watu hawakumtaka kwa lolote ila lile. Alipata maradhi ya maumivu, dawa za kutuliza zikamfanya mtumwa wake, na mwaka 1955, akiwa mzee, alikwenda mwenyewe kuomba atibiwe. Alifariki mwaka uliofuata, na jamaa zake wakamzika akiwa amevalishwa joho la Dracula. Sina neno la kuwalaumu. Ila mimi niliposoma habari hiyo nilihisi baridi kuliko nilivyohisi siku ile na mjomba. Mtu ameazima nguo, kisha nguo imeshuka naye kaburini.

Lee aliona hatari hiyo, akapambana nayo. Aliondoka Uingereza katika miaka ya 1970 akaenda Marekani kutafuta nafasi za namna nyingine. Mwaka 1998 ilitoka filamu ambayo yeye mwenyewe aliihesabu kuwa kazi muhimu kupita zote alizofanya. Aliigiza Muhammad Ali Jinnah, baba wa taifa la Pakistan. Habari zilipoenea nchini humo kwamba Jinnah ataigizwa na Dracula, magazetini palikuwa na kelele kubwa. Msomaji asicheke haraka. Tufikiri ingekuwa kwetu: mtu ambaye sote tumemjua kwa miaka arobaini kwa kunyonya damu, leo avae shati la Mwalimu Nyerere na kushika fimbo yake. Wangapi kati yetu wangenyamaza? Mimi mwenyewe, pamoja na elimu yangu ya chuo, nisingethubutu kuapa kwamba ningetulia.

Hata hivyo alifanya kazi ile kwa heshima, na wengi waliokuja na shaka waliikubali. Kisha, katika umri ambao wenzake wengi walikwisha kustaafu, vijana wakamjua upya kwa sura nyingine za uovu katika filamu kubwa za miaka ya 2000. Mwaka 2009 aliingizwa katika daraja la watu wenye heshima la nchi yake, akaitwa Sir Christopher. Maisha yake ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuvaa macho mekundu maisha yake yote ya kazi, akayavua, akafa kitandani akiheshimiwa.

Ningeweza kuishia hapo, nikamjibu mtoto: hapana, hakuwa mbaya, nenda kalete vitumbua. Lakini sikuwa na haki ya kumjibu kwa urahisi hivyo. Iko habari moja ambayo sijapata kuiandika.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa kijana bado, mwenye bidii, na nilipenda sana maonyesho. Kwa ajili ya sherehe ya kuwaaga darasa la saba nilitunga mchezo mfupi kuhusu kijiji kinachosumbuliwa na mchawi mpaka watoto wa shule wanapomfichua. Nia yangu ilikuwa njema, au ndivyo nilivyojiambia. Sehemu ya mchawi nilimpa msichana mmoja wa darasa la sita. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye akili ya kuigiza ambayo sijaiona tena kwa mtoto. Nikamshauri asugue kitunguu karibu na macho kabla ya kutoka jukwaani ili yawe mekundu.

Siku ile alituzidi sote. Alipoinua uso wake, kina mama waliokuwa mstari wa mbele walirudi nyuma. Watu walipiga makofi, mgeni wa heshima alimpa mkono, nami nilijaa fahari kama kwamba kipaji kile nilikitengeneza mimi.

Baada ya wiki moja nilisikia watoto wakimwita “mchawi” uwanjani. Nikafikiri ni utani utakaopita. Baadaye maneno yaligeuka. Watu wazima walianza kuulizana: mtoto yule amejifunza wapi? Na jibu lilikuwa karibu, kwa sababu msichana huyo aliishi na bibi yake, na bibi yake alikuwa na macho mekundu.

Wasiojua mambo ya kule yafaa niwaeleze. Katika sehemu nyingi za Usukuma miti ni haba. Wanawake walipikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, ndani ya vijumba visivyo na dirisha, miaka arobaini au hamsini mfululizo. Moshi ule hula macho. Ajuza wa kule kuwa na macho mekundu si ajabu kuliko mkulima kuwa na sugu mikononi. Lakini palikuwa na imani kwamba macho ya namna ile ni alama ya uchawi, na kwa alama hiyo vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, miaka ile na miaka iliyofuata. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamtia hatiani hata anayemsingizia mwenzake uchawi. Sheria ilikuwapo katika kabati, na panga lilikuwapo nyuma ya mlango.

Nilifanya nini? Nilingoja. Nilijua ninachopaswa kufanya: kusimama mbele ya wanafunzi mstarini, na mbele ya wazazi kijijini, na kusema wazi, “Mchezo ule niliutunga mimi. Macho yale yalikuwa ya kitunguu. Na macho ya bibi yake ni ya moshi.” Ni maneno ya dakika moja. Sikuyasema. Nilikuwa mgeni mahali pale, niliogopa kuonekana namtetea mchawi, na moyoni, msomaji, nitasema kweli: sikutaka mchezo wangu uliosifiwa ugeuke kuwa kosa langu. Jumatatu moja dawati la msichana lilikuwa tupu. Yeye na bibi yake walikuwa wameondoka usiku na vitu walivyoweza kubeba. Hakuna aliyejua, au aliyetaka kuniambia, walikoelekea. Namshukuru Mungu kwamba waliondoka na roho zao. Lakini shukrani hiyo hainifanyi nilale.

Sasa narudi katika swali. Nimefikiri sana tofauti iko wapi kati ya yule mzungu na yule msichana. Wote wawili waliigiza uovu, na kwa ufundi mkubwa. Wote wawili walitiwa wekundu machoni kwa hila. Mmoja alipewa heshima na nchi yake. Mwingine alikosa shule na makao. Haiwezekani tofauti iwe katika kuigiza kwenyewe. Wala haiko katika wema wao, kwa maana yule mtoto hakuwa na hatia zaidi ya kutii mwalimu wake.

Mimi naona tofauti iko katika taa. Katika jumba la sinema, filamu ikiisha, yupo mtu ambaye kazi yake ni kuwasha taa. Zikiwaka tunaonana sura, tunacheka, tunatafuta viatu vyetu, tunajua kilichokuwa mchezo kimekwisha. Bibi zetu nao walilijua jambo hili kabla ya sinema. Walitusimulia mazimwi yanayomeza vijiji vizima, lakini hawakuanza bila kusema paukwa, nasi tukaitika pakawa. Na mwisho walifunga hadithi kwa maneno yake, ndipo wakatupeleka kulala. Hofu ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Zimwi halikutoka nje ya hadithi likavaa sura ya jirani.

Katika mchezo wangu nilifungua mlango wa kuingilia kwa mbwembwe nyingi, nikasahau wa kutokea. Na kwa watu waliokuwa tayari wanaogopa, nilichofanya si kuwaonyesha mchawi wa kubuni. Niliwapa picha ya kumlinganisha nayo mwanamke wa kweli.

Atakuja mtu aseme: basi tuache kabisa michezo ya kutisha. Sikubaliani naye. Mjini Dar es Salaam zimetengenezwa filamu za kutisha nyingi, kama Shumileta ya Mussa Banzi ya mwaka 2005, na watu wamezipenda. Hofu ipo ndani yetu kabla ya filamu. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilipovuka kutoka Visiwani na kufika hadi Dar es Salaam, watu walikuwa wakilala nje ya nyumba zao kwa makundi, na hakuna aliyewalipisha kiingilio. Inafaa mtu aizoee hofu yake mahali penye taa kuliko kukutana nayo gizani na panga mkononi. Wala mwigizaji hastahili lawama. Anayestahili kuulizwa ni yule mwenye swichi: mtunzi, mwalimu, mzazi, kaka mkubwa mwenye simu. Je, baada ya kutisha, ulibaki kuwasha taa?

Tena mwigizaji wa kigeni ana ahueni ambayo jirani hana. Mzungu yule alikuwa mbali, hatukuweza kumfikia. Hofu aliyoiamsha ilipotafuta pa kutua, haikutua kwake. Itatua kwa aliye karibu, mnyonge, asiye na mtoto wa kumtetea, anayefanana na picha kwa jambo moja dogo. Ndiyo maana sikulichukua kuwa dogo neno la mjukuu wangu pale mlangoni.

Nilivaa kandambili zangu, nikamshika mkono, tukaenda wote. Nilimsalimu yule bibi, naye mtoto, baada ya kusukumwa kidogo, akatoa shikamoo yake huku akitazama chini. Nikaomba kigoda. Bibi alishangaa, maana si desturi ya mwalimu kukaa jikoni, lakini alinisogezea. Tukakaa hapo robo saa hivi, tukizungumza bei ya mchele na mchanga unaoingia majumbani tangu barabara ichimbwe. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ulituzingira. Mtoto alikuwa wa kwanza kukohoa. Kisha akanitazama usoni kwa mshangao, akasema, “Babu, na wewe yamekuwa mekundu.”

“Na yako je?” nikamuuliza. Bibi akacheka, akafuta uso wa mtoto kwa upindo wa kanga yake, akamwongezea kitumbua kimoja.

Tukirudi nilimjibu swali lake. Nilimwambia yule mzungu alikuwa mtu wa kazi, alivaa vitu vya kuumiza machoni ili watu waogope kidogo kisha waende nyumbani, na kwamba amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Sina hakika alielewa vyote. Ila kesho yake alikwenda kununua vitumbua peke yake.

Yule msichana wa darasa la sita, akiwa hai, sasa amepita miaka hamsini. Huenda naye ni bibi, anapikia kuni mahali fulani, na macho yake yameanza kuwa kama ya bibi yake. Robo saa ile niliyompa mjukuu wangu ilikuwa yake. Nimechelewa kuilipa kwa miaka arobaini na zaidi, na nimemlipa mtu mwingine.